Bibi Kashindye Kwenye Picha ya Harusi

Sehemu ya Saba

Msomaji mmoja wa Magu kaniandikia barua kupitia gazeti hili. Anasema: "Wewe Owiti ni mwoga, na mkeo angekuacha siku ile ile." Barua nimeipata, kaka, ahsante sana. Soma ya leo kwanza, halafu unitafutie jina lingine, maana hilo la mwoga ni dogo.

Kwa ambaye hakuwa nasi, namsogeza haraka haraka. Mwaka tisini na nne kiwanda cha nguo kilitupunguza kazi. Kiinua mgongo changu chote nikakinunulia kamera ya Zenit iliyokwishatumika, nikageuza chumba nilichopanga Buhongwa kuwa studio. Mwenye nyumba alikuwa Bibi Kashindye, mama mzee wa Kisukuma aliyeniita mjukuu wake ingawa mimi ni Mjaluo wa Rorya. Stoo yake alinipa bure, nikaziba dirisha kwa blanketi, ikawa chumba cha giza cha kusafishia picha.

Kamera nilijifunzia kwake. Nilimpiga picha kumi za rangi akiwa kwenye kigoda, mlangoni pake. Alitaka moja tu, ampelekee mwanawe aliyeko machimboni Geita.

Kabla filamu ile haijaisha, akaja mteja wa picha za paspoti, na hizo nilikuwa nazipiga kwa filamu nyeusi-nyeupe. Nikaitoa ile ya rangi, nikaacha ulimi wake, ile ncha ya mwanzo, nje ya kopo ili nije niimalizie. Wapiga picha wa njaa tulifanya hivyo wote. Unaandika kwa peni juu yake "kumi", siku ya kuirudisha unaruka kumi, unaendelea. Mimi sikuandika.

Siku ya harusi ya Rebeka, binti wa Mzee Maige, nikaitia kamerani nikidhani ni mpya. Picha kumi za mwanzo za harusi zikapigwa juu ya picha kumi za Bibi.

Tisa nilizichoma, na negativu zote kumi, yaani vipande vya filamu yenyewe, nikazichoma pia. Picha ya kumi sikuweza. Ilikuwa ya Rebeka peke yake kitini na shela lake, na mama yake alishaniulizia mara nne. Nikawapa nikiomba Mungu wasione. Wakaona. Uso wa Bibi Kashindye ulikuwa umekaa juu ya tumbo la bibi harusi, macho wazi.

Mzee Maige akaniuliza mbele ya ukoo mzima: "Huyu mama alikuwepo harusini?"

Na mimi, kwa kuogopa kuambiwa nimeharibu kazi, nikatoa kifua. "Mzee, kamera yangu haiongezi mtu. Inapiga kilichopo."

Hapo ndipo nilipoishia wiki iliyopita. Sasa tuendelee, na mwenye moyo mdogo aweke gazeti chini.

Ilipita miezi miwili na nusu. Jumatatu moja, saa nne asubuhi, nilikuwa na mteja mbele ya shuka jeupe, dereva mmoja anaitwa Chenge, anataka picha za leseni.

"Nyanyua kidevu kidogo," nikamwambia.

"Umesikia ya kwa Maige?" akaniuliza huku kidevu kiko juu.

"Ya nini?"

"Mimba ya Rebeka imetoka. Jana. Na kaka mtu, Mihayo, anatembea na ile picha mfukoni. Anasema ilishaonyesha tangu mapema nani kamkalia tumboni."

Nikashusha kamera.

Nje uani Bibi Kashindye alikuwa anapepeta mchele. Akaniita kwa sauti yake ile ya mtu asiyesikia vizuri. "Mjukuu wangu! Picha yangu bado tu?"

"Bado, Bibi! Dawa zimekwisha mjini!"

"Haya. Mwanangu atanisahau sura, shauri yenu." Akacheka, akaendelea na ungo wake.

Mke wangu Truphosa alikuwa amesimama mlangoni na mchi mkononi, anatwanga kisamvu. Yeye alijua kila kitu. Zile tisa alinikuta nazichoma.

"Owiti," akasema kwa sauti ya chini, "vaa viatu uende kwa Maige."

"Nikafanye nini?"

"Ukaseme ukweli. Uliharibu filamu, basi. Watu wanaharibu ugali, sembuse filamu?"

"Na nani ataniletea harusi tena, mama? Nani? Mpiga picha aliyeharibu harusi ya binti wa mjumbe wa nyumba kumi?"

Hivyo ndivyo nilivyomjibu. Mnaiona? Bibi wa watu anapepeta mchele hatua sita kutoka nilipo, na mimi nawaza wateja.

Nikainua kamera, nikambonyeza Chenge. Flashi ilipowaka, mlango wa uani ukaanguka.

Walikuwa watano. Mbele alikuwa Mihayo, kijana wa miaka thelathini hivi, shati jeupe limejaa jasho. Nyuma yake binamu yake Ngosha, mrefu kama mlingoti, na wengine watatu wa mtaa wa juu. Kila mmoja na panga lake.

Hawakuniangalia hata mimi. Walimwendea Bibi moja kwa moja. Ngosha akaupiga teke ungo, mchele ukamwagika uani kote.

Bibi akatazama juu, akikinga jua kwa kiganja. "Mihayo? Hata shikamoo hakuna?"

Mihayo akampiga kofi. Kofi la mwanaume, mkono mzima. Bibi akaanguka juu ya mchele wake, nyusi ikapasuka kwenye kona ya kigoda, damu ikaanza kumtiririka jichoni.

"Ulikuwa unatafuta nini tumboni kwa dada yangu?" Mihayo akapiga kelele. "Sema! Ulikuwa unatafuta nini?"

"Tumbo gani, baba?"

Akampiga tena.

Nasema kilichotokea, sijipambi. Mimi nilikuwa mlangoni, kamera shingoni, na miguu ilikataa. Chenge alishatokea dirishani, kaondoka na shuka langu limemsokota mguuni. Aliyetoka ni Truphosa. Alimfikia Ngosha kwa nyuma na mchi wa kutwangia, akaushusha begani kwa nguvu zake zote. Nilisikia mfupa. Panga la Ngosha likaanguka, na yeye akapiga magoti akilia kama mtoto.

Mwingine akamgeukia mke wangu, akampiga kwa ubapa wa panga kichwani. Truphosa akaenda chini bila sauti.

Ndipo miguu ikakubali. Nilikimbia, nikajitupa katikati, nikamfunika Bibi kwa mwili wangu. "Mwacheni! Mwacheni, ni kosa langu mimi! Filamu ilikuwa ya zamani! Nilimpiga yeye kwanza, halafu nikapiga harusi juu yake! Hakuna uchawi hapa, ni mimi!"

Mihayo akasimama. Akaitoa ile picha mfukoni, imekunjwa mara nne, akaikunjua mbele ya uso wangu.

"Si ulimwambia baba kamera yako haiongezi mtu?"

"Nilidanganya."

"Ulidanganya lini, Mjaluo? Siku ile au leo?"

Na wewe unayesoma, niambie. Mtu akishasema vitu viwili, ni kipi kiaminiwe?

"Bibi kamwekea dawa huyu," akasema mmoja wao. "Anaishi nyumbani kwake, anakula chakula chake. Angesema nini?"

"Mkono gani unaobonyezea?" Mihayo akaniuliza, taratibu kabisa.

Nikaficha mkono wa kulia. Mjinga mimi, nikawa nimemjibu.

Wawili wakanishika, wakaulaza mkono juu ya mdomo wa kinu cha Truphosa. Mihayo akageuza panga, akapiga kwa mgongo wake. Mara ya kwanza kidole cha shahada. Mara ya pili kile cha kati. Nilipiga ukelele uliofika barabara ya Shinyanga, naapa, na hakuna hata jirani mmoja aliyechungulia.

Akaligeuza panga upande wa makali, akamwelekea Bibi.

"Simama!"

Alikuwa Mzee Maige, baba yake, ameingia pale palipokuwa na mlango. Alivaa koti lake la mikutano, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hajalala. Yeye ndiye aliyekuwa mjumbe wetu wa nyumba kumi, yaani hata kushtaki ningeanzia kwake.

"Shikamoo, Mzee," nikasema nikiwa chini, damu na kisamvu vimenijaa.

"Marahaba," akajibu kwa mazoea. Halafu akamtazama Bibi, akatazama mchele, akanitazama mimi. "Nimesikia ulivyosema. Zile picha nyingine ziko wapi? Kama ni kosa la filamu, haliwezi kuwa kwenye picha moja tu."

Mzee mwenye akili, jamani. Laiti ningekuwa nazo.

"Nilizichoma."

"Na ile mikanda yake?"

"Nayo."

"Kwa nini?"

"Kwa kuogopa, Mzee. Niliogopa mtasema sijui kazi."

Mihayo akacheka, kicheko kibaya. "Baba, tunapoteza muda. Huyu anamtetea mchawi wake."

Truphosa alikuwa ameanza kusogea chini pale, anajipapasa kichwa, na mimi nikamshukuru Mungu kimoyomoyo.

"Kama ni kosa la kazi," Maige akasema mwishowe, "basi lirudie. Mbele yetu. Mtu akikosea mara moja anaweza kukosea mara ya pili kwa makusudi. Picha ikitoka na watu wawili, huyu mama hana hatia, na mimi mwenyewe nitamwomba radhi. Isipotoka..." Hakumalizia. Alilitazama tu panga la mwanawe.

Nilitia filamu mpya nyeusi-nyeupe kwa mkono wa kushoto na meno. Vidole vya kulia vilikuwa vimevimba, havina hata maumivu tena.

Wakamkalisha Bibi kwenye kigoda chake, mlangoni pake, pale pale pa siku ile. Mmoja akasimama nyuma yake na panga. Bibi akaona kamera. Akafuta damu kwa ncha ya kanga, akajitengeneza kanga kichwani.

"Ndiyo ya mwanangu hii?" akaniuliza.

"Ndiyo, Bibi." Ningesema nini?

"Nikae hivi?"

"Hivyo hivyo. Usitikisike mpaka nikuambie."

Akanyoosha mgongo, akaweka mikono juu ya magoti. Nikabonyeza kwa kidole cha kushoto. Mara tatu. Halafu nikairudisha filamu nyuma, nikaacha ulimi nje, nikaitia upya kana kwamba haijaguswa. Maige alikuwa ameinama juu ya mikono yangu, anafuata kila hatua.

Sasa nilitakiwa kupiga kitu cha pili juu yake. Ningeweza kupiga mbuzi. Ningeweza kupiga ukuta, kinu, hata lile koti la Mzee. Nikajiona nina akili sana. Nikasema nikimweka Mihayo mwenyewe, atakosa la kusema.

"Njoo wewe," nikamwambia. "Simama hapa."

Akaja. Akasimama, kifua mbele, panga mkononi. Nikampiga mara tatu.

"Sasa lazima niisafishe. Nusu saa."

"Naingia nawe," Mihayo akasema.

Stoo ile ilikuwa ndogo, mtu mmoja na ndoo. Tukaingia wawili, nikafunga mlango, nikateremsha blanketi. Giza totoro. Mara nikahisi makali ya panga shingoni, chini ya sikio.

"Mbona giza?"

"Filamu ikiona mwanga inaungua. Nisubiri niitie kwenye tangi la dawa."

"Ukinifanyia mazingaombwe, nakuchinja humu humu."

"Sawa."

Kuviringisha filamu kwenye kijiti chake gizani ni kazi ya mikono miwili mizima. Mimi nilikuwa na mmoja na meno. Iliniponyoka mara mbili. Mara zote mbili panga lilisogea, nikasikia joto linateremka kwenye kola.

Nikafanikiwa. Nikafunika tangi, nikawasha kibatari, nikamimina dawa, nikaanza kutikisa. Kwenye mwanga ule nikauona uso wa Mihayo. Alikuwa analia.

"Rebeka hali toka jana," akasema, si kwangu hasa. "Analala na ile kanga aliyoinunua ya kumbebea mtoto. Unajua huyu bibi alikuwa ananipa miwa nikitoka shule? Kila siku. Nilimpenda."

"Basi mwamini."

"Nimeiona kwa macho yangu! Kwenye picha!"

Nikamwonea huruma, nasema kweli. Mtu aliyenivunja vidole, nikamwonea huruma. Picha niliichapisha mimi, na aliyemwambia baba yake kamera haiongezi mtu ni mimi.

Nikamwaga dawa ya kwanza, nikatia ya pili, nikaosha kwa maji ya ndoo. Nikavuta filamu. Mwanzoni mwanga wa kibatari haukunitosha. Kisha nikaiona. Tatu zote, safi, zimeangukiana barabara: Mihayo amesimama, na ndani yake Bibi kwenye kigoda.

"Imetoka!" nikapiga kelele. "Imetoka! Mungu mkubwa! Ona, ona mwenyewe, wawili!"

Nilifurahi kama mwehu. Na kwa sekunde moja, Mungu anisamehe, nilijivunia kazi yangu.

Mihayo akaninyang'anya filamu, akapiga teke mlango, akatoka nayo juani. Akainyanyua kwa mikono miwili kuelekea mwanga, maji yanamchuruzika kwenye viwiko.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Mpiga picha hamwonyeshi mteja negativu, wala haitoi chumbani. Anasubiri mpaka ichapishwe kwenye karatasi. Kwa sababu kwenye negativu kila kitu kimegeuka. Ngozi nyeusi inakuwa nyeupe pee, mvi zinakuwa nyeusi, mboni za macho zinatoka nyeupe. Sisi tumezoea, tunasoma kama gazeti. Asiyewahi kuiona anaona maiti.

Mihayo hakuwahi kuiona.

Alijiona mweupe, amesimama na panga la moto. Na ndani ya kifua chake, pale pale penye moyo, ameketi bibi mweupe mwenye nywele nyeusi na macho matupu, na damu ya usoni inamng'aa kama maziwa.

Sauti aliyoitoa sijaisikia tena kwa mtu. Aliiangusha filamu, akalirarua shati lake, akaanza kujikwaruza kifua kwa kucha.

"Yumo! Baba, yumo ndani yangu! Kaingia! Mtoeni! Mtoeni!"

"Ni negativu!" nikapiga kelele. "Zote ziko hivyo! Nipeni nusu saa nyingine niichape, Mzee, nakuomba, nusu saa tu!"

Mzee Maige alikuwa ameiokota filamu, anaitazama juani. Akaiacha ikadondoka. Akarudi nyuma hatua moja, halafu ya pili, akageuza uso akatazama ukutani.

"Mzee! Si ulisema wakitoka wawili hana hatia? Wametoka wawili!"

Akaendelea kuutazama ukuta.

Truphosa alijaribu kuinuka, akaanguka. Mihayo alikuwa anagaagaa kwenye mchele. Ngosha, bega moja limening'inia, akaliokota panga lake kwa mkono mzima, akamsukuma yule aliyekuwa nyuma ya kigoda, akasimama mahali pake. Akalinyanyua juu.

Bibi Kashindye alikuwa bado ameketi pale pale. Mgongo umenyooka, mikono juu ya magoti, kanga yake vizuri kichwani, anatazama mbele palipokuwa na kamera. Nilikuwa nimemwambia asitikisike mpaka nimwambie, na sikuwa nimemwambia.

"Mjukuu wangu," akaniuliza bila kugeuza shingo, "imetoka? Sasa naweza kutikisika?"